Treni ya moja kwa moja au ya kila kituo: Mkulima wa Kibiti apige hesabu ipi?

MFANYABIASHARA anayetoka Kibiti na matenga yake ya kamba, au viroba vyake vya nazi, analijua jambo moja ambalo wapangaji wengi wa usafiri wa mijini hulisahau. Safari ya sokoni huhesabiwa tangu mzigo unapotoka shambani au pwani hadi unapomfikia mnunuzi. Mwendo wa chombo kimoja katikati ya safari hiyo ni sehemu tu ya hesabu.

Kutoka mji wa Kibiti hadi Dar es Salaam ni kilomita kama 140 kwa Barabara ya Kilwa. Kwa anayetoka ndani ya delta, katika vijiji kama Mbwera, Salale au Maparoni, safari huanza majini. Mzigo hupita kwa mtumbwi au boti katikati ya mikoko hadi Nyamisati, hupanda gari hadi Bungu, ndipo uingie lami.

Mwisho wa safari hiyo ndefu ni Mbagala Rangi Tatu. Hapo huanza kipande kifupi ambacho mara nyingi ndicho kigumu kuliko vyote, yaani kilomita za mwisho za kuingia katikati ya jiji, kwenye masoko ya Kariakoo na Feri.

Kipande hicho ndicho kilichoanza kubadilika. Njia ya mabasi yaendayo haraka ya awamu ya pili, yenye urefu wa kilomita 20.3 kutoka katikati ya jiji hadi Mbagala, ilijengwa na mabasi yakaanza kutoa huduma mwaka 2025. Mazungumzo kuhusu treni za mjini nayo yamekuwepo kwa miaka mingi.

Kila mfumo wa aina hiyo unapopangwa, iwe ni basi la njia yake pekee au treni nyepesi ya umeme, hujitokeza maswali mawili. La kwanza, je, chombo kisimame kila kituo, au kiwepo pia cha haraka kinachoruka vituo vidogo? La pili, je, ziwepo huduma maalumu kwa watu au mizigo ya aina fulani?

Maswali hayo huonekana kuwa ya wahandisi. Lakini majibu yake ndiyo yanayoamua nani ashushwe karibu na soko lake na nani apitwe akiwa amesimama na mzigo wake kituoni.

Huduma maalumu si jambo jipya pwani

Pwani ya Waswahili iliijua reli ya mjini mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1879 Seyyid Barghash wa Zanzibar alijengewa reli nyembamba kutoka kwenye kasri lake mjini hadi kasri la Chukwani, umbali wa maili kama 7. Mwanzoni mabehewa yake yalivutwa na nyumbu, baadaye kikaletwa kichwa cha treni cha moshi. Hiyo ilikuwa huduma maalumu kwelikweli, kwa kuwa abiria wake mkuu alikuwa mtu mmoja.

Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilianza kuendesha treni nyingine, kutoka mjini Unguja hadi Bububu. Nayo ilikuwa na urefu wa maili 7, ikipita katikati ya mitaa ya mji na kuelekea shamba. Wananchi wa kawaida ndio waliokuwa abiria wake wengi, lakini liliwekwa pia behewa maalumu la daraja la kwanza. Katika miaka ya 1920 reli hiyo ilipoteza abiria wake, na hatimaye ikafungwa.

Reli hizo mbili zinaonyesha kwamba swali la huduma maalumu limeanza zamani. Kila mara kuna anayelipa zaidi ili apate nafasi yake, na kuna wengi wanaotegemea treni ya kawaida kufika sokoni na kurudi nyumbani.

Dakika hupatikana wapi?

Ili mkulima ajue kama treni ya haraka inamfaa, ni vizuri kwanza aelewe haraka hiyo hutoka wapi. Katika mji, treni ya haraka mara nyingi haikimbii kuliko ya kawaida. Huwahi kwa sababu haisimami.

Kila kituo kina gharama ya muda. Treni hupunguza mwendo, husimama, hufungua milango, watu hushuka na kupanda, milango hufungwa, kisha treni huanza tena kuchukua kasi. Chukua mfano kwamba yote hayo hula dakika moja na nusu. Katika njia ya kilomita 20 yenye vituo 20, kusimama peke yake hula dakika 30.

Treni ya haraka ikiruka vituo 12 kati ya hivyo, itaokoa dakika 18. Kwa mfanyakazi wa ofisini anayekwenda na kurudi kila siku, hizo ni dakika 36 kwa siku. Mwendeshaji naye hunufaika, kwa kuwa treni iliyowahi kufika inaweza kugeuza mapema na kufanya safari nyingine.

Hata hivyo, dakika hizo 18 hazipatikani bure. Reli si barabara ambayo dereva anaweza kuchepuka na kulipita gari lililo mbele. Kama treni ya kawaida iliondoka dakika 10 kabla, na kanuni za usalama zinataka pengo la dakika 3 kati ya treni na treni, basi ya haraka itaweza kuokoa dakika 7 tu. Baada ya hapo itaikuta ya kawaida mbele yake na italazimika kuifuata nyumanyuma.

Njia za kulikwepa tatizo hilo ni tatu. Ya kwanza ni kujenga njia za kupitana vituoni, jambo linalohitaji ardhi na fedha nyingi. Ya pili ni kuiacha ya kawaida itangulie mbali zaidi, yaani kuacha pengo kubwa katika ratiba. Ya tatu ni kuigeuza baadhi ya treni za kawaida kuwa za haraka, na hapo ndipo kituo kidogo kinapoanza kulipa.

Anayesubiri ndiye anayelipa

Chukua mfano wa kituo kidogo ambako treni hupita kila baada ya dakika 10. Abiria anayefika bila kuangalia saa hungoja wastani wa dakika 5. Treni moja katika kila mbili ikigeuzwa kuwa ya haraka, kituo hicho kitapata treni kila baada ya dakika 20, na wastani wa kungoja utapanda hadi dakika 10.

Kiuchumi hilo si lazima liwe kosa. Kama treni ya haraka ina abiria 300 wanaookoa dakika 18 kila mmoja, jumla ni dakika 5,400. Kama katika vituo vyote vilivyorukwa kuna abiria 300 wanaoongezewa dakika 5 kila mmoja, jumla ya hasara ni dakika 1,500. Mji kwa ujumla umepata faida.

Tatizo ni kwamba faida imekwenda kwa mmoja na hasara kwa mwingine. Ndiyo sababu mahali pengi huduma ya haraka hutozwa nauli ya juu. Nauli hiyo ina maana pale tu ambapo ziada yake hurudi kuitunza huduma ya kawaida. Ikiwa fedha zinakwenda kwingine huku treni za kawaida zikipunguzwa, mwenye kituo kidogo atakuwa amelipia haraka ya mwenzake.

Dar es Salaam imeshaonja

Oktoba 29, 2012 jiji la Dar es Salaam lilianza kuwa na treni za abiria za mjini, zilizopewa na wananchi jina la 'treni ya Mwakyembe', kutokana na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dk Harrison Mwakyembe. Moja ilitumia reli ya kati kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa. Nyingine ilitumia reli ya TAZARA, upande wa Mwakanga na upande wa Kurasini.

Treni hizo zilipangwa kwa ajili ya asubuhi na jioni, saa za watu kwenda kazini na kurudi. Ziliwasaidia wengi kuikwepa foleni. Lakini kwa mtu wa Kibiti aliyefika mjini saa nne asubuhi na mzigo wake, treni ya saa za kazi haikuwa na la kumsaidia.

Mei 2016 mabasi yaendayo haraka ya awamu ya kwanza yalianza kati ya Kimara na katikati ya jiji. Katika vituo vyake, njia ilijengwa kwa upana wa kutosha ili basi moja liweze kulipita jingine lililosimama. Upana huo ndio uliowezesha kuwepo mabasi ya kila kituo na mengine ya moja kwa moja katika barabara ileile. Mbagala nako, mwenye kutaka kujua kama huduma ya haraka inawezekana, aanze kuangalia upana wa njia pale kituoni.

Treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, iliyofika Dodoma mwaka 2024, imeleta mfano mwingine. Nauli iliyotangazwa mwaka huo kwa treni ya kawaida ya Dar es Salaam hadi Dodoma, safari ya kilomita 444, ilikuwa Sh31,000. Treni ya haraka isiyosimama njiani ilitangazwa kwa Sh40,000 kwa daraja la kawaida. Tofauti ya Sh9,000 ndiyo bei ya kuruka vituo.

Mkulima wa Ngerengere au Kilosa haihitaji hiyo ya haraka hata ikiwa bure, kwa kuwa haisimami kwake. Anachohitaji ni kwamba ya kawaida isipungue.

Kwa upande wa treni nyepesi za mjini, mfano ulio karibu na Tanzania uko Addis Ababa, Ethiopia. Mwaka 2015 jiji hilo lilifungua njia mbili zenye urefu wa zaidi ya kilomita 30 kwa pamoja, ambazo hutumia reli moja katika kipande cha katikati ya mji. Miaka iliyofuata treni zake nyingi zilisimama kwa kukosa vipuri. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama kutakuwa na treni za haraka, mji hauna budi kujiuliza kama utakuwa na treni nzima za kutosha kwa huduma ya kawaida.

Fundisho la TAZARA

Watanzania wa kusini wana uzoefu wao wenyewe kuhusu jambo hili. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, hulipita bonde la Rufiji upande wa magharibi, katika eneo la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kisha huingia Kilombero. Kibiti iko mbali na reli hiyo, lakini fundisho lake linafika.

Kwa miaka mingi TAZARA iliendesha treni za abiria za aina mbili: Mukuba, ambayo ni ya haraka, na Kilimanjaro, ambayo ni ya kawaida. Msafiri wa Zambia aliipenda ya kwanza. Lakini ya pili ndiyo iliyokuwa soko la Kilombero, kwa kuwa ilisimama kwenye vituo vidogo ambako wakulima walipakia ndizi, mpunga na mahindi yao kama vifurushi.

Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hiyo, alionyesha jinsi wakulima na wachuuzi wa kando ya reli walivyoitumia treni ya kawaida kujenga maisha yao. Waliweza kupeleka mzigo mdogo leo na mwingine wiki ijayo, bila kukodi lori zima.

Mwaka 2000 ulipokuja mpango wa kuacha kusimama katika baadhi ya vituo vidogo, wanavijiji walipeleka malalamiko makali kwa maandishi. Kwa shirika la reli, kituo kile kilikuwa dakika kadhaa zinazopotea. Kwa kijiji, kituo ndicho kilichokuwa gulio.

Hesabu ya kamba na nazi

Sasa hesabu hiyo iletwe Kibiti. Tarakimu zinazofuata ni za mfano, wala si bei za soko. Kila mfanyabiashara aweke zake.

Chukua mfano wa mchuuzi mwenye matenga mawili ya kamba, kila moja kilo 20. Jumla ni kilo 40. Barafu imeanza kuyeyuka, na kila saa ya kuchelewa inampunguzia Sh500 kwa kilo. Kwa hiyo saa moja inamgharimu Sh20,000. Huduma ya haraka inayookoa dakika 18 inamwokolea Sh6,000.

Lakini gari lililomleta limemshusha karibu na kituo kidogo, na chombo cha haraka hakisimami hapo. Inambidi akodi bodaboda hadi kituo kikubwa kwa Sh3,000. Makuli wanamtoza Sh1,000 kwa kila tenga kulishusha, na Sh1,000 nyingine kulipakia. Kwa matenga mawili hiyo ni Sh4,000. Jumla ametumia Sh7,000 ili aokoe Sh6,000. Amepata hasara ya Sh1,000 kabla hata ya kulipa nauli ya juu.

Mwenye nazi yuko vibaya zaidi. Nazi haiharibiki kwa dakika 18, wala mkeka wa ukindu, wala korosho, wala ufuta. Kwake haraka hiyo haina thamani yoyote, lakini gharama ya kushusha na kupakia ni ileile.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. Kwanza, haraka ina bei tofauti kwa kila bidhaa. Kwa kamba, kaa walio hai na samaki wabichi, ni kubwa. Kwa mchele na nazi, ni ndogo sana. Pili, kwa karibu kila mzigo mdogo, kila mara unaposhushwa na kupakiwa upya hula faida kuliko kila kituo kinachosimamiwa.

Liko pia suala la chombo chenyewe kukubali mzigo. Basi la mwendokasi halina keria juu wala buti la kutupia matenga. Limebuniwa kubeba watu waliosimama. Kama hakuna nafasi iliyotengwa kwa mizigo, mchuuzi ataendelea kukodi gari dogo kutoka Mbagala hadi Feri, na njia mpya itampita kando.

Saa ya maji na saa ya ratiba

Watu wa delta wana jambo lao jingine ambalo ratiba ya mjini hailijui. Boti ya kutoka vijiji vya ndani husubiri maji. Yakipwa, baadhi ya mikono ya mto haipitiki kwa chombo chenye mzigo.

Maji kujaa huchelewa kwa dakika kama 50 kila siku. Kama Jumatatu yamejaa saa 12 asubuhi, Alhamisi yatajaa kama saa 2 na nusu, na Jumapili kama saa 5. Kwa hiyo mzigo unaofika Nyamisati mapema wiki hii, wiki ijayo utafika mchana.

Huduma maalumu moja ya alfajiri, hata ingekuwa ya kasi namna gani, itakutana na boti hiyo siku chache tu katika kila wiki mbili. Siku nyingine kamba watakuwa bado wako majini, ndani ya boti iliyokwama kusubiri bamvua au kujaa kwa kawaida.

Hapa ndipo ilipo hoja kubwa kwa mfanyabiashara wa delta. Kinachomfaa kuliko chote ni chombo kinachopita mara kwa mara, mchana kutwa, kinachosimama alipo na kinachokubali mzigo wake. Akiwa na uhakika kwamba kingine kinakuja baada ya dakika 10, hana haja ya kushindana na saa ya treni huku saa ya maji inamgomea.

Walivyofanya wengine

Ziko nchi zilizotafuta njia ya kumhudumia mwenye haraka bila kumtupa mwenye mzigo.

Mumbai, India, treni za mjini ni za aina mbili, za kila kituo na za haraka. Hilo limewezekana kwa sababu katika sehemu kubwa za njia zake kuu kuna reli nne, mbili kwa kila aina, hivyo ya haraka haikwami nyuma ya nyingine. La muhimu zaidi kwa msomaji wa pwani ni kwamba treni hizo zina vyumba vya mizigo ndani ya mabehewa, ambamo wachuuzi, wakiwemo akina mama wauza samaki, hupanda na vikapu vyao. Mchuuzi hasafirishwi tofauti na samaki wake.

Katika jimbo la New Jersey, Marekani, treni nyepesi ya Hudson-Bergen iliwekewa huduma ya haraka ya saa za kazi iliyoitwa Bayonne Flyer. Mpango wake ulikuwa wa busara. Ilisimama vituo vyote vya mji wa Bayonne, ulio mwisho wa njia, kisha ikaruka baadhi ya vituo vya Jersey City ili kuwahi Hoboken. Waliotoka mbali wakapata treni mlangoni mwao na haraka pia. Vituo vilivyorukwa ni vile vilivyokuwa na treni nyingine za kutosha.

Mpango wa namna hiyo ungeifaa Barabara ya Kilwa kuliko ule wa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Chombo kingesimama kote upande wa Mbagala, ambako watu wa Kibiti, Mkuranga na Ikwiriri hushukia, na kuruka vituo vya katikati.

Zürich nchini Uswisi, tangu mwaka 2003, tramu maalumu ya mizigo imekuwa ikipita mitaani kukusanya taka kubwakubwa za majumbani. Dresden nchini Ujerumani, tramu ya mizigo ilipeleka vipuri katika kiwanda cha Volkswagen kuanzia mwaka 2001 hadi 2020. Reli za mjini zinaweza kubeba mzigo. Lakini mfano wa Dresden unaonyesha pia kwamba huduma iliyojengwa juu ya mteja mmoja huisha mteja huyo asipoihitaji tena. Wateja wadogo wengi ni msingi imara zaidi, ilimradi wawe wamejipanga.

Wakulima na wavuvi wafanye nini?

La kwanza ni kuijua hesabu yao wenyewe. Kikundi cha wavuvi au chama cha msingi cha ushirika kiandike kwa mwezi mmoja mambo manne: mzigo ulitoka saa ngapi, ulifika saa ngapi, ulishushwa na kupakiwa mara ngapi, na kila hatua iligharimu kiasi gani. Daftari moja linatosha. Mbele ya mpangaji wa usafiri, daftari hilo lina nguvu kuliko malalamiko ya mdomo.

La pili ni kuunganisha mizigo. Mtu mmoja mwenye matenga mawili hawezi kudai chumba cha mizigo. Wachuuzi 30 wenye matenga 60 kwa siku wanaweza, kwa kuwa wanaonekana kama biashara. Mkusanyo huo unaweza kufanyika Nyamisati au Bungu, ambako barafu nayo ingenunuliwa kwa pamoja.

La tatu ni kuuliza maswali sahihi mapema, mradi wowote wa usafiri unapofikishwa kwenye vikao vya kata na halmashauri. Chombo kitapita kila baada ya dakika ngapi mchana, nje ya saa za kazi? Mzigo wa ukubwa gani unaruhusiwa, na kwa bei gani? Gari la kutoka Kibiti litashusha wapi, na ni hatua ngapi hadi mlango wa chombo cha mjini? Huduma ya haraka ikiwepo, je, idadi ya zile za kawaida itabaki ileile? Ziada ya nauli itakwenda wapi?

La nne ni kudai kituo cha Mbagala kiwe pia cha mizigo. Chumba cha baridi, mizani ya uhakika, kivuli na njia ya mkokoteni hadi mlangoni vinaweza kuokoa samaki wengi kuliko treni yoyote ya haraka. Vitu hivyo havihitaji reli mpya wala umeme mwingi, na vinaweza kuanza wakati mipango mikubwa ikiendelea kujadiliwa.

Wapangaji nao hawana sababu ya kuikataa huduma ya haraka. Mji unaokua unaihitaji, na mwenye uwezo wa kuilipia ailipie. Ila kabla ya kufuta kituo kimoja kwenye ratiba, afadhali mtu aende kusimama kwenye kituo hicho saa nne asubuhi na kuangalia ni nani wanaoshuka pale, na wamebeba nini.